Fumo: Cheo Kilichogeuka Jina

1. Utangulizi

Miongoni mwa majina ya wanaume yatumiwayo na Waswahili, Fumo ni mojawapo ya yale yaliyo adimu sana. Hapana mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyelijua, kwa kuwa limetangulia jina la Liyongo, shujaa wa Ozi na Shaka. Lakini ni wachache waliopata kukutana na mtoto aitwaye hivyo. Vitabu vingi huliandika kana kwamba Fumo ni jina la shujaa huyo mwenyewe na Liyongo ni jina la babake, mfano wa mtu kuitwa Juma Hamisi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Fumo kilikuwa cheo kabla ya kuwa jina, na namna kilivyogeuka kuwa jina ndiyo inayoeleza pia sababu ya jina hilo kutoenea. Jambo hili lina uzito wake. Tukilichukua Fumo kuwa jina tu kama majina mengine, tutakuwa tumetupa ushahidi mmoja wa namna watu wa miji ya kaskazini walivyowaita watawala wao kwa lugha yao wenyewe.

2. Maana mbili za neno

Katika Kiswahili neno fumo lina maana mbili. Ya kwanza ni mkuki wenye bapa pana, na neno likiwa na maana hii huingia katika ngeli ya ji-ma: fumo, mafumo. Ya pili ni mtawala au mkuu wa watu, nayo haisikiki tena ila katika tenzi, katika habari za kale, na katika majina tunayoyazungumzia.

Maana ya kwanza haina utata. Kitenzi ni fuma, yaani kuchoma au kupiga kwa mkuki au mshale. Kikitiwa kiambishi tamati -o, hutoa jina la kitendo au la chombo chake, kama vile piga hutoa pigo na imba hutoa wimbo. Fumo ni kile kifumacho.

Maana ya pili ndiyo yenye mjadala. Katika lugha nyingi za Kibantu kuna neno lenye sura ya mfumu. Wachewa na Wakongo hulitumia kwa maana ya chifu au mfalme. Wasukuma na Wahaya hulitumia kwa maana ya mganga au mwaguzi, na Wanyarwanda nao wana umupfumu kwa maana iyo hiyo. Kwa Wamongo wa bonde la Kongo cheo cha mkuu ni nkumu, na hapo sauti k ya asili imebaki. Wataalamu wa lugha-mame ya Kibantu huyarudisha maneno haya yote kwenye shina moja, *-kumu, ambalo maana yake yakusanya heshima, utawala na uganga. Mkusanyiko huo si wa ajabu kwa anayejua kwamba katika jamii nyingi mwenye kuongoza watu ndiye aliyetazamiwa pia kuwakinga na mabaya yasiyoonekana.

Je, Fumo wa Ozi na Pate ni ndugu wa mfumu, au ni mkuki tu uliopewa mtu awe na ukali wake? Kanuni za sauti peke yake haziwezi kuamua, kwa sababu katika Kiswahili konsonanti *t na *k za asili zote mbili ziligeuka f zilipotangulia irabu u iliyobana. Mlinganisho na Kikuyu wabainisha hayo. Mafuta ya Kiswahili ni maguta kwa Kikuyu, na asili yake ni *k. Lakini fua, kwa maana ya kufua chuma, ni tura. Na fuma, kwa maana ya kusuka au kushona, ni tuma. Hapa asili ni *t. Kikuyu kimezihifadhi sauti mbili mbalimbali mahali ambapo Kiswahili kimezifanya moja. Basi neno la mkuki lenye *t na neno la mtawala lenye *k yalikutana katika kinywa cha Mswahili yakawa karibu sauti moja.

3. Tatizo la irabu ya mwisho

Pamebaki irabu ya mwisho. Kwa kawaida, shina *-kumu lingetoa fumu, si fumo. Wapo wanaoweza kusema kwamba jambo hili latosha kuikata shauri: cheo kimetokana na mkuki. Ila ushahidi wa maandishi wahitaji kupimwa kwa uangalifu. Kiswahili cha kale kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo hazitofautishi o na u. Alama moja huzibeba zote mbili. Mwenye kusoma hati ya Lamu au Pate hupata irabu kamili kutokana na yale aliyoyasikia, si kutokana na yaliyoandikwa. Hali kadhalika, Wareno walioandika habari za bonde la Zambezi tangu karne ya 16 na ya 17 waliwaita wakuu wa nchi fumos. Umbo hilo halithibitishi -o, kwa kuwa katika Kireno o isiyotiwa mkazo mwishoni mwa neno hutamkwa karibu na u. Walichokisikia yamkini ni mfumu.

Kwa hiyo irabu -o ya Fumo wetu yategemea mapokeo ya mdomo, nayo mapokeo hayo ni thabiti: hapana aliyesikika akisema Fumu Liyongo. Maoni yetu ni kwamba maana imetoka kwenye shina la utawala, na umbo limevutwa na jina la silaha. Neno la kale la mtawala lilipoanza kusahauliwa katika mazungumzo ya kila siku, watu walilisikia kwa sikio la neno walilolijua, yaani mkuki. Wala hawakuona kosa, maana mkuki ni alama ifaayo ya mtawala.

4. Kutoka cheo hadi jina

Liyongo asimuliwa katika hadithi iliyochapishwa na Steere mwaka 1870, na katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913. Kiini cha kisa ni ugomvi wa utawala kati ya Liyongo na jamaa yake aliyekuwa sultani. Kisa cha namna hiyo hakieleweki vizuri ikiwa Fumo ni jina tupu. Kikiwa ni cheo, twaona watu wawili, kila mmoja na haki anayoidai, na twaelewa kwa nini sultani hakupata usingizi hadi Liyongo alipochomwa kitovuni kwa sindano ya shaba.

Ushahidi ulio wazi zaidi watoka Pate, katika ukoo wa Nabahani. Tarehe ya Pate, iliyochapishwa na Stigand mwaka 1913 na Werner muda mfupi baadaye, inawataja watawala kadha wenye neno hili: Fumo Mari, Fumo Madi aliyetawala mwishoni mwa karne ya 18 hadi mnamo 1809, na Fumo Luti. Mambo matatu yafaa kuangaliwa.

Kwanza, jina la Kiarabu linalofuata mara nyingi limekatwa: Omari amekuwa Mari, Muhamadi amekuwa Madi. Fumo lakini halikatwi. Mkazo wa jina zima umeegemea upande wa pili, na sehemu mbili zimeshikana hata baadhi ya waandishi wakaandika Fumomari na Fumoluti kuwa neno moja. Hivi ndivyo ifanyavyo cheo kinapozoeleka mbele ya jina.

Pili, mtawala aliyekwisha kuitwa Fumo aliweza kuongezewa Bwana au Sultani mbele. Cheo kikitanguliwa na cheo cha maana ile ile, ni dalili kwamba cha ndani kimekwisha kupoteza nguvu yake na kuwa sehemu ya jina.

Tatu, Fumo laingia katika nasaba. Mwasisi wa usultani wa Witu, ajulikanaye kwa jina la Simba, ni Ahmadi bin Fumo Luti. Msimulizi ambaye kwake ilipokewa Tarehe ya Pate, Bwana Kitini, ni Muhammad bin Fumo Omari. Hapa hatua ya mwisho imekamilika: Fumo ni jina la baba, ambalo mtoto hulitaja ajulikane ni nani.

5. Kwa nini jina halikuenea

Vyeo vingine vya pwani navyo vimekuwa majina. Mwinyi, Jumbe na Mfaume yasikika hadi leo. Tanzania imepata rais aliyeitwa Ali Hassan Mwinyi, na Zanzibar imepata rais aliyeitwa Aboud Jumbe. Tofauti ni kwamba jumbe walikuwa wengi, takriban kila mji na jumbe wake, na jina likapata milango mingi ya kupitia. Fumo lilishikana na miji michache ya kaskazini, na hasa na ukoo mmoja. Asiyekuwa wa ukoo huo hakuwa na babu wa kumrithisha mwanawe jina hilo, na desturi ya kumpa mtoto jina la babu ndiyo iliyokuwa ikiyahifadhi majina.

Kisha ukoo wenyewe ukapoteza kiti. Kwa mkataba wa Julai 1890 Wajerumani waliwaachia Waingereza Witu. Septemba mwaka huo Wajerumani kadha waliuawa huko, na Oktoba jeshi la wanamaji wa Uingereza likauteketeza mji. Fumo Bakari alifariki Januari 1891. Fumo Omari aliendeleza upinzani katika misitu, hadi ngome za Pumwani na Jongeni ziliposhambuliwa na kuvunjwa mwaka 1893. Mtawala aliyewekwa na Waingereza mwaka 1895 atajwa katika orodha za watawala kwa jina la Omari bin Hamedi, bila Fumo. Jina lililokua pamoja na dola lilikosa pa kusimama dola ilipoanguka. Na silaha yenyewe ilipoacha kuchukuliwa, hata maana ya pili haikubaki kuwakumbusha watu. Msomaji wa leo asikiapo Fumo hukumbuka zaidi mfumo, neno la fuma ya kusuka, ambalo halina uhusiano na mtawala wala mkuki wake.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba Fumo ni neno la Kibantu la utawala, lililovutwa na jina la mkuki, likawa kitangulizi cha majina ya Kiarabu, na mwisho likawa jina lenyewe katika ukoo uliokuwa nalo. Matokeo yake kwa kazi yetu ni mawili. Wahariri wa tenzi na wenye kutunga faharasa wasilipange Fumo kuwa jina la kwanza la Liyongo. Walitaje kama wanavyotaja Sultani au Mwinyi. Nao wafundishao fasihi wawaeleze wanafunzi kwamba neno la kwanza la jina la shujaa huyo ni dai. Lilikuwa likisema kwamba mtu huyu ana haki ya kutawala, na ni dai hilo lililomfanya atafutiwe kifo.