Balbu Moja Katikati: Jinsi Mwanga Ulivyoingia Nyumba za Kyebando

Ingia usiku chumba chochote cha kupanga hapa Kyebando, mtaa wa Kampala, balbu utaikuta palepale: juu, katikati, ikining'inia kwenye boriti. Anayepika anaupa mwanga mgongo, na mtoto anayeandika anaandikia ndani ya kivuli cha mkono wake mwenyewe. Mimi ni fundi umeme na nimefunga nyaya katika mtaa huu tangu ujana wangu. Ninachoamini ni kwamba balbu hii ya katikati haikuwekwa pale kwa ajili ya wakaazi. Iliwekwa na bei, na kila anayekwenda kununua taa anastahili kujua habari zake.

Zamani mwanga wa nyumba za Buganda ulikuwa moto. Hata enzi ilijulikana kwa moto: Ggombolola, ule unaowaka mbele ya lango la Wankaki katika Lubiri ya Mengo, hauzimwi ila Kabaka, mfalme wa Buganda, akifariki. Kwa watu wa kawaida palikuwa na meko, na kila shughuli ya usiku iliyasogelea. Mambo yalibadilika reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, kisha mizigo ikavushwa ziwani kwa meli. Mafuta ya taa yakaja kwenye madebe ya galoni nne, na debe likiisha mafuta halikutupwa. Mafundi bati wa Katwe na wa masokoni walilikata wakatengeneza ndoo, faneli na taa ndogo ya utambi ambayo Uganda nzima inaiita tadooba. Pwani wangesema kibatari, Nairobi koroboi.

Baba yangu alikuwa askari polisi, ndiyo maana Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwetu. Alipostaafu alitutoa kambini akatuleta Kyebando, wakati bonde la Nsooba lingali na mafunjo na migomba mingi kuliko paa za mabati. Tadooba ndiyo ilikuwa taa yetu. Mama aliishika alipokwenda jikoni, akaiweka kando ya sufuria, akarudi nayo tulipotaka kusoma. Ya kioo, fanusi, iliwashwa kwa ajili ya wageni. Karabai ya kupampu, yenye soksi nyeupe inayovuma, ilikodishwa kwa harusi na kwa matanga.

Siisifu tadooba. Asubuhi pua zetu zilikuwa nyeusi kwa masizi, na katika mtaa wetu nyumba ziliungua kwa sababu yake. Lakini ilikuwa na tabia moja njema: iliufuata mkono. Mwanga wake ulikuwa hafifu mno, nao ukatosha kuchambua mchele kwa sababu ulikuwa shibiri moja tu kutoka kwenye ungo.

Umeme ulikuja kwa mpango mwingine. Bodi ya Umeme ya Uganda, UEB, iliundwa mwaka 1948, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili akafungua bwawa la Owen Falls kule Jinja, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 150. Nyaya zilitangulia viwandani, na katika vilima vya wenye vyeo kama Nakasero na Kololo. Hospitali mpya ya Mulago ilipofunguliwa mwaka 1962, ilisimama juu ya kilima jirani na sisi. Nilipokuwa kijana, madirisha yake yaliwaka usiku kucha, na sisi huku bondeni tulikuwa tukikata tambi za tadooba.

Nguzo zilipoanza kushuka kwetu, ufundi ulihesabiwa kwa pointi. Kila taa ni pointi, kila swichi ni pointi, kila soketi ni pointi, na kila pointi ina bei yake. Mwenye nyumba aliyejenga safu ya vyumba vya kupanga alifanya hesabu yake: chumba kimoja, pointi moja ya taa. Ili pointi hiyo imulike kona zote nne, ilibidi ipande juu, ikae katikati. Nimewahi kukuta balbu moja imewekwa juu ya ukuta usiofika kwenye bati, imulike vyumba viwili, na majirani wakigombania saa ya kuizima.

Kisha Idi Amin akawafukuza Waasia mwaka 1972, na maduka yaliyokuwa yakiagiza vifaa vya umeme yakabadilisha wenyewe au yakafungwa. Katika miaka ya magendo, balbu ilikuwa mali. Niliwaona watu wakiifungua kwenye holda kabla ya kusafiri, wakaifungia sandukuni. Hakuna aliyeuliza ni ya wati ngapi. Baadaye, enzi za panda gari, msako wa askari waliowakamata watu na kuwapakia kwenye magari, usiku tulizima hata hiyo moja tusionekane. Kizazi kizima kilikua bila kuchagua taa, kilipokea iliyopatikana.

Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Nyanza yalipungua sana, umeme ukawa wa mgao, na tadooba zikarudi sebuleni. Serikali ikatoa balbu za kubana matumizi kwa kubadilishana na zile za kizamani. Halafu mwaka 2011 zikaja mita za Yaka, za kulipia kabla ya kutumia. Kwa mara ya kwanza mama wa nyumba aliziona yuniti zikipungua mbele ya macho yake, akaanza kuniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: taa hii inakula kiasi gani?

Leo jibu linafurahisha. Balbu ya LED ya wati 9 inamulika kama ile ya zamani ya wati 60. Kwa umeme wa balbu moja ya jana unaweza kuwasha sita. Kwa hiyo ile hesabu ya mwenye nyumba imepitwa na wakati, ingawa nyumba mpya zinazoota karibu na barabara ya Northern Bypass bado zinafungwa vilevile: taa kubwa ya urembo katikati ya dari, na kiza juu ya meza.

Wateja wangu nawaambia hivi. Kabla ya kushuka Kikuubo au Kalerwe kununua, kaa chumbani jioni utazame mikono ya watu iko wapi. Penye sinki na jiko, weka taa mbele ya mpishi. Penye daftari, weka ya mezani, upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia. Soma boksi: 3000K ni rangi ya njano tulivu, inafaa chumba cha kulala; 6500K ni nyeupe kali, ipeleke dukani au kwenye karakana. Hakikisha kama holda yako ni ya pini au ya skrubu. Taa nzito usiitundike kwenye dari ya mbao nyembamba, itafutie boriti.

Juzi nilimfungia mshonaji mmoja wa Kisalosalo pointi ya pili, ukutani, juu ya cherehani yake. Waya mita chache, swichi, holda na balbu. Sasa anapitisha uzi kwenye sindano usiku bila kumwita mwanawe amsaidie. Gharama hiyo ndogo ndiyo iliyowanyima wazazi wetu mwanga, na wengi wetu leo tunaimudu. Unapojenga, au unapozungumza na mwenye nyumba wako, idai pointi hiyo kabla plasta haijapigwa.