Nati Tatu

Nyuma ya nyumba ya dani wangu kule Pap Onditi kuna gari kuukuu ambalo hakuna aliyelijua jina. Nembo ziling'olewa zamani, injini haipo, na kuku hutaga kwenye kiti cha nyuma. Desemba iliyopita baba mdogo alitaka kuliuza kwa jamaa wa skrapu, kwa kilo. Mimi niliyeacha chuo, na ambaye kila mtu huniona sina shughuli, nikatumwa kulifyekea nyasi.

Hadithi ya kijiji ni moja: babu aliachiwa gari hilo na mzungu mkulima wa miwa aliyerudi kwao 1958. Dani peke yake hukataa. "Alilinunua," husema. Watu huitikia tu, vile mtu humwitikia mzee ili yaishe.

Sura ya gari haikunisaidia. Mkia ule wenye mapezi ulitoka kwa Pininfarina wa Italia, na mikono hiyo hiyo ilichora Austin Cambridge na Morris Oxford za 1959, na Peugeot 404. Bila nembo, utadhani ni watoto wa mama mmoja.

Jibu lilikuwa kwenye gurudumu. Nilikwangua matope nikahesabu nati: tatu. Morris na Austin hizo zina nne. Nikamwita fundi wa jua kali kutoka Ahero. Spana za inchi zikateleza. Ya milimita ikakaa sawa. Basi si la Mwingereza. Akapapasa bampa ya mbele, akapata tundu la kuingizia hendeli ya kuwashia. Akacheka.

"Hii ni Peugeot, buda. 404."

Peugeot ilizindua 404 mwaka 1960. Ilipata jina huku iliposhinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, miaka mitatu mfululizo. Zile ndefu za viti safu tatu zikawa teksi za safari za mbali.

Sasa piga hesabu. Mzungu aliyeondoka 1958 angeachaje gari ambalo halikuwa limeundwa?

Nati tatu hazisemi babu alitoa pesa wapi. Lakini zinafuta ile hadithi nyingine, na mimi pia niliiamini. Hakuna aliyewahi kutuonyesha karatasi. Tuliona tu ni rahisi zaidi mzungu kugawa gari kuliko mwanamume wa Pap Onditi kulinunua. Neno la mke wake, aliyekuwepo, tukaliweka kando miaka yote hiyo.

Jioni nilimweleza dani habari ya nati, mapezi na 1960. Alisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kupepeta mchele.

"Nyakwara," akasema, "kwa hivyo gurudumu ndilo umeliamini?"

Sikuwa na jibu. Baba mdogo bado anataka kuuza. Mwenye skrapu akija, ataongea na dani kwanza.