Baada ya Kumtoa Mtoto Aasiliwe: Mambo Yanayomsubiri Mama na Baba wa Kumzaa



Katika parokia za katikati ya jiji letu, kuanzia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu kando ya bandari hadi Msimbazi, mapadre, masista na makatekista huulizwa swali ambalo halina kijitabu chake: mzazi aliyemtoa mtoto wake mchanga aasiliwe na familia nyingine atarajie nini baada ya hapo? Anayeuliza huwa ni binti aliyekuja mjini kufanya kazi za ndani, au muuza nguo wa Mtaa wa Kongo, au mama lishe anayelala chumba kimoja na wenzake watatu. Mara chache huwa ni kijana wa kiume. Makala haya yanawalenga hao wote, pamoja na wazazi wao na majirani zao, ambao nao wana la kujifunza.

Kuasili na kulea ni mambo mawili

Desturi zetu, za pwani na za bara, zinajua sana kumpeleka mtoto kwa bibi, kwa shangazi au kwa mama mkubwa. Huko mtoto hulelewa, lakini jina, ukoo na haki zake hubaki palepale, na mama akijiweza humfuata. Wengi huingia katika jambo la kuasili wakiwa na picha hiyo kichwani, na hapo ndipo jeraha kubwa huanzia.

Kuasili, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 (Sheria Na. 21), hufanywa kwa amri ya Mahakama Kuu. Amri ikishatolewa, haki na wajibu wa mzazi wa kumzaa huhamia kwa wazazi walioasili: malezi, matunzo, elimu, na urithi pia. Mtoto huhesabiwa kuwa wao kana kwamba wamemzaa katika ndoa yao. Mzazi wa kumzaa hadaiwi matunzo tena, wala hawezi kudai kumwona au kumchukua wakati wa likizo. Msemo tunaousikia mara nyingi, kwamba “akikua atanirudia”, usiwe msingi wa uamuzi. Huenda mtoto akatafuta asili yake siku moja, huenda asitafute. Hakuna mwenye uwezo wa kumwahidi mama jambo hilo, hata sista au padre.

Lipo pia suala la karatasi. Hati iliyoandikwa mbele ya mjumbe, au barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa, au makubaliano yaliyotiwa saini katika chumba cha nyumba ya wageni, havimfanyi mtu yeyote kuwa mzazi wa mtoto huyo. Kariakoo ina dalali wa kila kitu, na wapo wanaojitolea kulipa gharama za kujifungua ili baadaye waondoke na mtoto. Huko ni kuuza binadamu, hata kama fedha imeitwa “ahsante” au “nauli”. Mahakama haitakiwi kutoa amri ya kuasili mahali ambapo ridhaa imenunuliwa, na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto baina ya nchi nao unakataza malipo hayo na kutaka ridhaa ya mama itolewe baada ya mtoto kuzaliwa, si kabla.

Miezi ya kungoja amri

Kati ya siku ya kumkabidhi mtoto na siku ya amri hupita miezi, wakati mwingine mingi. Ofisa Ustawi wa Jamii huchunguza, hutembelea familia inayoomba na kuandika taarifa. Mtoto huweza kuwa katika makao ya watoto, au tayari yuko kwa familia hiyo chini ya usimamizi. Mwombaji, au mmoja wao kama ni wanandoa, anatakiwa awe na umri usiopungua miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, isipokuwa akiwa ndugu, ambaye masharti yake ni mepesi kidogo. Asiye raia huhitaji kuwa amekaa nchini miaka 3 mfululizo. Kwa jiji la Dar es Salaam, mashauri ya kifamilia ya namna hii husikilizwa katika Kituo Jumuishi cha Temeke, kilichoanza kazi mwaka 2021.

Mzazi afahamu kwamba katika kipindi hicho chote yeye bado ni mzazi kisheria. Ataitwa kuhojiwa, kwa kuwa jaji anapaswa kuridhika kwamba ridhaa ilitolewa kwa hiari na kwamba mzazi ameelewa kuwa jambo hili ni la kudumu. Aliyebadili nia aseme mapema, kwa maandishi, kwa ofisa anayeshughulikia jalada, asingoje. Na asipotee. Wapo wanaobadilisha laini ya simu na kuhamia Mbagala ili kusahau. Sheria inaruhusu mahakama kuendelea bila ridhaa ya mzazi aliyemtelekeza mtoto au asiyepatikana, hivyo anayepotea hupoteza hata nafasi ya kusikilizwa.

Mwili una kumbukumbu yake

Maziwa huja kati ya siku ya pili na ya nne, hata kama mtoto hayupo. Hakuna anayewaandaa mabinti kwa hilo, nao hulia kuliko walivyolia siku ya kumkabidhi. Wakunga hushauri kutoyakamua yote, maana kukamua huyaongeza. Akamue kidogo tu apate nafuu, avae sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa chenye maji baridi. Titi likiwa gumu, jekundu na lenye joto, pamoja na homa, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mahudhurio baada ya kujifungua ni yaleyale ya mama mwingine yeyote: ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Akina mama wasio na mtoto mikononi huyakwepa kwa kuogopa kuulizwa kwenye benchi la kliniki “mwanao yuko wapi?” Ndugu au mlezi wa jumuiya amsindikize. Aliye kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI asiziache, na taarifa hiyo ibaki katika kadi ya mtoto, maana mtoto huhitaji dawa za kinga mapema sana.

Huzuni na machozi ya wiki mbili za kwanza ni ya kawaida kwa waliojifungua. Yakivuka hapo, akakosa usingizi, akakataa chakula, akaanza kusema maisha hayana maana, huo ni ugonjwa unaotibika hospitalini. Sala haishindani na dawa. Anayemwambia mgonjwa wa namna hii kwamba ana pepo, au kwamba imani yake ni haba, anamwongezea mzigo.

Msiba usio na matanga

Nyumba za Kariakoo, Ilala na Buguruni ni za vyumba vinavyotazamana ukumbini. Tumbo lilionekana, kwa hiyo swali litakuja bombani na jikoni. Mzazi hana deni la maelezo kwa kila mtu. Atayarishe jibu moja fupi na la kweli, mfano “mtoto ana familia yake, mimi naendelea vizuri”, kisha anyamaze. Kusema amekufa huonekana rahisi siku ya kwanza, lakini uongo huo hudai ulinzi wa miaka mingi, na watu watakuja na rambirambi ambazo hajui azipokeeje.

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Aliyefiwa hutandikiwa mkeka, watu hulala matanga, Misa husomwa, na jamii humruhusu kulia. Aliyemtoa mtoto hana mkeka. Mtoto wake yu hai, kwa hiyo haruhusiwi kuomboleza; tena hayupo, kwa hiyo hawezi kufurahi. Hisia hizo mbili huishi pamoja, na hurudi kwa tarehe: siku ya kuzaliwa, wiki ya kufungua shule za awali, Noeli mbele ya pango. Mwaka wa tatu au wa tano waweza kuwa mzito kuliko wa kwanza. Atakayepitia hayo asidhani amerukwa na akili.

Wahubiri hupenda kuwafariji wazazi hawa kwa Yokebedi, mama wa Musa, na kwa Hana aliyempeleka Samweli hekaluni. Mifano ni mizuri, lakini tuseme ukweli. Hana alijua mwanawe alipo na alimpelekea kanzu ndogo kila mwaka (1 Sam 2:19). Yokebedi aliajiriwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe. Mama wa Dar es Salaam kwa kawaida hatajua mtoto alipo. Anayefanana naye ni Yokebedi wa siku ile ya pili, mtoto alipokuwa amekua akampeleka kwa binti Farao, naye akawa mwanawe (Kut 2:10). Maandiko hayasemi alirudije nyumbani siku hiyo.

Je, ni dhambi?

Kumtoa mtoto kwa njia halali, kwa ajili ya uhai na malezi yake, si dhambi. Nalisema waziwazi kwa sababu wapo walioacha Komunyo kwa miaka wakiamini kwamba wamejifungia mlango. Kumtupa mtoto jalalani au kumtelekeza mlangoni mwa watu ni kosa mbele ya Mungu na la jinai. Kumkabidhi ni kitu kingine kabisa. Kama mimba ilipatikana katika dhambi, hiyo huungamwa kama dhambi nyingine, na ikishaondolewa imeondolewa. Aliyebakwa hana la kuungama katika tendo hilo. Aliyelazimishwa na wazazi wake kumtoa mtoto naye ametendewa dhuluma, na wazazi hao ndio wenye hesabu ya kutoa.

Baba naye

Baba anayejulikana ni mzazi, na ridhaa yake huhitajika. Kijana aliyekimbia akidhani jambo limekwisha huweza kutafutwa. Aliyetaka kumlea mwanawe na akafichwa ana haki ya kwenda kwa Ofisa Ustawi wa Jamii kabla ya amri kutolewa. Mara nyingi mjini kwetu baba ni Mwislamu na mama ni Mkatoliki. Uislamu una utaratibu wake wa kafala, ambao mtoto hulelewa lakini hubaki na nasaba ya baba yake, na familia ya baba huweza kukataa kuasili kwa sababu hiyo. Mazungumzo hayo yafanyike mapema na kwa heshima, yasifanyike mahakamani kwa mara ya kwanza.

Uchumba na ndoa

Mama huyu ataposwa siku moja. Je, amwambie mchumba? Ushauri wangu ni ndiyo, kabla ya matangazo ya ndoa, naye amwambie mwenyewe asije akaambiwa na wapangaji wa zamani. Kanuni ya 1098 ya Sheria za Kanisa inagusa udanganyifu wa makusudi unaofanywa ili kupata ridhaa ya ndoa. Si kila ukimya ni udanganyifu wa namna hiyo, lakini ndoa iliyojengwa juu ya siri kubwa hulala kwa jicho moja. Aliyeulizwa moja kwa moja asikane.

Ubatizo na kumbukumbu

Kanuni ya 110 inawatambua watoto walioasiliwa kisheria kuwa watoto wa walioasili, na kanuni ya 877 inataka majina ya walioasili yaandikwe katika kitabu cha ubatizo. Ya wazazi wa kuzaa huandikwa pia pale ambapo kumbukumbu za serikali hufanya hivyo, kwa kufuata maelekezo ya Baraza la Maaskofu. Mama aliyembatiza mtoto kabla ya kumkabidhi amjulishe paroko, ili maelezo ya kuasiliwa yaongezwe kwenye kitabu. Undugu wa damu haufutwi na amri ya mahakama, na kizuizi cha ndoa kati ya ndugu hubaki (kanuni ya 1091). Ndiyo sababu vitabu vyetu hutunzwa kwa uangalifu na havifunguliwi kwa kila anayebisha hodi ofisini.

Kwa upande wa serikali, walioasiliwa huandikwa katika daftari maalumu chini ya RITA. Wajibu wa kumweleza mtoto kwamba ameasiliwa uko kwa wazazi walioasili, kwa wakati unaomfaa mtoto. Mzazi wa kumzaa asimvizie shuleni. Anachoweza kufanya ni kuomba barua yake, picha na historia ya magonjwa ya ukoo viwekwe katika jalada la Ustawi wa Jamii. Barua fupi yatosha: jina alilompa, alizaliwa saa ngapi, na kwa nini.

Aliye bado njia panda, au anayeona mtoto anataka kuuzwa, apige 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Masista wa makao ya watoto ya Msimbazi, pamoja na viongozi wa WAWATA parokiani, wanaweza kumsindikiza kwa Ofisa Ustawi wa Jamii.

Na kuhusu Misa: mama akija ofisini kutoa nia siku ya kuzaliwa kwa mwanawe, si lazima aandike jina wala sababu. “Kwa mtoto” yatosha. Katibu wa parokia asiulize zaidi.