Karakana ya Mang'ula na Makazi ya Programu

Katika kila ujenzi mkubwa kuna mahali pawili: pale kitu kinapotayarishwa, na pale kitakapokaa. Bonde la Kilombero lilishuhudia jambo hilo reli ya TAZARA ilipojengwa, tangu mwaka 1970 hadi 1975. Huko Mang'ula, kaskazini mwa Ifakara, palikuwa na kambi na karakana ya mitambo; lakini chuma kichongwacho karakanani hakipimwi kwa kuta za karakana, bali kwa mahali kitakapofungwa. Hata upana wa njia, milimita 1,067, ulifuata reli ya Zambia ilikokuwa ikielekea, wala si ile ya kale ya Tanganyika yenye milimita 1,000.

Mafundi wa kompyuta nao walikutana na jambo la namna hiyo. Mwaka 1976, mwaka ule ule reli ilipokabidhiwa, Stuart Feldman wa Bell Labs, Marekani, alitunga make, programu ya kujengea programu nyingine. Baadaye kanuni za mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, zilibainisha mambo mawili. La kwanza ni njia ya makazi, yaani anwani ya saraka ambamo programu itaishi. Aghalabu huandikwa ndani ya programu yenyewe, ipate kujua pa kutafuta mafaili yake. La pili ni saraka ya maandalizi, iitwayo DESTDIR: uwanja wa muda ambamo mafaili hupangwa kwa sura ya makazi yao, yakakaguliwa na kufungwa furushi moja, tayari kwa safari.

Mwenye kuyachanganya haya haoni hasara yake upesi. Programu iliyoandikwa anwani ya uwanja hufanya kazi vema mbele ya mjenzi, maana uwanja ungalipo. Ikifika ugenini hubisha hodi katika nyumba iliyokwisha kubomolewa. Wala kuihamisha hakuiponyi. Aghalabu hulazimu kuijenga upya.

Mwaka 1994 wafuasi wa Linux walitoa kanuni ya mpango wa saraka, ili makazi ya mafaili yajulikane. Gharama ya vipimo visivyopatana yaonekana Kidatu, mlangoni mwa bonde. Hapo reli mbili hukutana, lakini behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Basi mwaka 1998 palifunguliwa kituo cha kuhamishia makontena. Mzigo huhamishwa, kipimo kilichokwisha kutiwa katika chuma hakihamishiki.