Haki ya Kukomboa: Rehani, Pango na Ukoo katika Bukoba na Muleba

Historia ya kukopa kwa dhamana ya mali inayopangishwa katika wilaya za Bukoba na Muleba haikuanza na benki wala na kampuni, bali ilianza na kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba ya Mhaya, ambalo kwa vizazi vingi lilihesabiwa kuwa mali ya anayelilima na, nyuma yake, mali ya ukoo ambao wazee wake wamezikwa humo. Mwenye kampuni anayekopa leo upya kwa nyumba yake ya kupangisha mjini Bukoba, ili alipe deni la zamani na kubaki na deni jipya lenye masharti nafuu, anafanya jambo ambalo utaratibu huo wa kale uliufahamu upande wake mmoja tu: ulilijua pango, ukaijua rehani vizuri zaidi, lakini haukuwa tayari kumhakikishia mkopeshaji kwamba mali iliyowekwa mikononi mwake ingekuwa yake moja kwa moja mkopaji akishindwa kulipa.

Mfano wa zamani wa mali ya kupangisha katika eneo hili ni nyarubanja, milki kubwa iliyokusanya vibanja vingi chini ya bwana mmoja. Mukama, mtawala wa ufalme kama Kihanja, Kiziba au Ihangiro (ambayo nchi yake imo leo katika Muleba), alimtunuku ndugu, ofisa au mtumishi wake eneo pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo. Kuanzia hapo watu hao, ambao pengine babu zao ndio waliofyeka pori, wakawa batwarwa, yaani wapangaji, na aliyetunukiwa akawa mtwazi wao, mwenye kudai ndizi, pombe na siku za kazi, na baadaye fedha. Mtwarwa aliweza kuishi, kulima na kurithisha, ila hakuweza kukiuza kibanja kwa hiari yake, wala kwa hiyo kukitumia kama dhamana kamili. Ni vigumu kuuita mfumo huu wa kimila bila kusita kidogo, kwa kuwa ulipanuka sana baada ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwishoni mwa mwaka 1890, wakati ambapo Bakama (wingi wa Mukama) walioungwa mkono na wageni hao, Kahigi wa Kihanja akiwa mashuhuri miongoni mwao, walipata nguvu mpya, na kahawa, ambayo zamani ilitafunwa na kutolewa kwa wageni kama ishara ya heshima, ilianza kugeuka kuwa fedha.

Kahawa ndiyo iliyoifanya rehani kuwa jambo la kila siku. Mkulima aliyehitaji ada ya shule, kodi ya serikali au mahari hakusubiri mavuno, bali aliuza mapema kahawa iliyokuwa bado mtini, kwa bei ya chini sana, kwa mtu aliyekuwa na fedha taslimu, na mkataba huo uliitwa butura. Serikali ya Waingereza, kuanzia miaka ya 1920, iliweka sheria iliyomzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kudai mahakamani deni la Mwafrika bila mkataba ulioandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Sheria hiyo ilikusudiwa kuwa kinga, lakini kinga inayomnyima mkopeshaji mahakama humfanya atafute dhamana isiyohitaji hakimu, na butura ilikuwa ya namna hiyo hasa, maana mkopeshaji alijilipa kwa kuvuna.

Ardhi yenyewe ilibaki chini ya ulinzi mwingine. Sheria za kimila za Wahaya, ambazo Hans Cory na M. M. Hartnoll walizichapisha katika kitabu mwaka 1945, zilitambua kwamba kibanja cha ukoo kikiuzwa kwa mgeni bila ridhaa ya jamaa, jamaa hao wanaweza kukikomboa kwa kurudisha bei. Haki hii ya kukomboa ndiyo kiini cha jambo lote, kwa sababu iligawanya umiliki baina ya mtu aliyekopa na watu wengi ambao hawakukopa. Haikuwa haki ya wote kwa usawa: kanuni za mwaka 1944 za mamlaka ya wenyeji ya Bukoba zilimruhusu mwanamke aliyerithi ardhi kuitumia tu, bila uwezo wa kuiuza. Kanuni hiyo ilianguka mwaka 1990, baada ya shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, kuhusu shamba la ukoo lililouzwa na mwanamke mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kurithi na kuuza, lakini hakuigusa haki ya wana ukoo kukomboa kwa kurudisha bei ya mnunuzi. Kwa mkopeshaji, hukumu hiyo iliongeza idadi ya watu wanaoweza kutoa dhamana, na wakati huohuo ikaithibitisha sababu ya kuiogopa dhamana hiyo.

Nyarubanja ilikuwa imekwisha ondolewa kwa sheria ya mwaka 1965, iliyolenga kuwafanya batwarwa wamiliki wa vibanja walivyovilima, na mwaka 1968 sheria nyingine ikawafikia wapangaji wa kimila wa wilaya nyingine. Mjini, mambo yalikwenda kwa njia tofauti. Viwanja vya Bukoba vilimilikiwa kwa hati za serikali za muda maalumu, zilizosajiliwa na hivyo kufaa kuwekwa rehani, na nyumba nyingi za maduka zilikuwa za wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo ililenga nyumba za kupangisha zenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, ikiwanyima fidia wenye majengo yaliyotimiza miaka kumi. Majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa karibu miaka ishirini, basi, mtu binafsi hakuwa na sababu kubwa ya kujenga nyumba kubwa ya kupangisha, sembuse kukopa kwa ajili yake.

Kampuni yenye dhima yenye kikomo, yaani ile ambayo wanahisa wake hawawajibiki kwa madeni yake zaidi ya thamani ya hisa zao, iliingia katika historia hii kama mmiliki asiye na ukoo. Haina shangazi wa kuja kukomboa, haifi na kuacha warithi, haina mwenzi ambaye ridhaa yake ingehitajika kwa nyumba ya familia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001 na kulegezwa kwa ajili ya wakopeshaji mwaka 2004 na 2008, inamwachia mkopaji mwenyewe haki ya kukomboa mali yake kwa kulipa deni, na hapo ndipo penye mlango wa kukopa upya: benki mpya humlipa mkopeshaji wa zamani, rehani ya kwanza hufutwa katika daftari la ardhi, ya pili huandikwa, na kampuni hutakiwa pia kuisajili dhamana hiyo BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ndani ya siku 42, la sivyo dhamana hiyo inaweza kukosa nguvu mbele ya wadai wengine kampuni ikifilisika. Kwa kawaida benki hudai pia udhamini binafsi wa wakurugenzi, na kwa njia hiyo familia iliyotolewa mlangoni hurudi dirishani.

Benki zenyewe zinaweza kupata fedha za muda mrefu kwa mikopo ya nyumba kupitia TMRC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2010 kuzikopesha benki kwa ajili hiyo, ingawa faida ya mpango huo huonekana zaidi mahali penye hati zilizosajiliwa. Vibanja vingi vya Muleba havina hati hizo, na Benki ya Ushirika wa Wakulima Kagera, iliyopaswa kuwa karibu zaidi na wenye vibanja hivyo, ilifungwa na Benki Kuu mwezi Januari 2018 kwa upungufu wa mtaji. Mwaka huohuo serikali ilikuwa bado inapiga vita butura, ambayo haihitaji hati, daftari wala msajili, na ambayo mkulima huiendea kabla kahawa haijaiva.