Moshi: Mji Ulioshuka Mlimani

Jina la Moshi ni kongwe kuliko mji unaoitwa hivyo leo. Katika karne ya 19 lilikuwa jina la himaya ya Mangi Rindi, juu zaidi kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Huko ndiko Wajerumani walikojenga boma lao, na ndiko walikomnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi, mwaka 1900. Reli ya kutoka Tanga ilipofika tambarare mwanzoni mwa miaka ya 1910, utawala na biashara vilishuka kuifuata, na makao ya awali yakabaki kuitwa Old Moshi.

Mji ulihama, lakini haukuepuka kuutegemea mlima. Wachagga walikuwa wamechimba mifereji, yaani mifongo, kuyaleta maji ya mito kwenye vihamba vyao. Mji wa tambarare nao hunywa maji ya mlima huohuo. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya kileleni imetoweka, na wengi huihofia Moshi kwa sababu hiyo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji hayo hutokana na mvua inayopokewa na msitu. Hatima ya mji, basi, imo msituni kuliko kileleni.