Kabla ya Joka Kulikuwa na Ndome

Wasee, tuongee kidogo. Mtu akifika kwa meza yangu hapa Nyeri akaona joka la urefu wa kidole likitema moto, swali huwa ni lile lile: hayo si mambo ya wazungu? Jibu langu ni nusu ndiyo. Ile nusu ingine ndiyo imenifanya niandike hii.

Tuanze na nusu yao. Mwaka 1824 jeshi la Prussia, kule Ujerumani ya leo, lilianza kufundisha maafisa wake vita kwa kutumia ramani na dadu. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akatoa Little Wars, kitabu cha kanuni za kupiganisha wanajeshi wa sanamu sakafuni. Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson wakaleta Dungeons & Dragons, na 1983 Uingereza ikatoa Warhammer. Hapo ndipo majoka, mapepo na panga zinazowaka zilipata wapaka rangi dunia nzima.

Na kupaka moto si mchezo. Wengi wakianza huweka nyekundu chini na njano kwa ncha. Hapana. Angalia moto wa kuni jikoni kwa shosho. Pale unapoanzia ndipo unang'aa zaidi, karibu uwe mweupe. Ukipanda unakuwa njano, halafu rangi ya chungwa, halafu nyekundu, na ncha zinapotelea kwa moshi mweusi. Kwa hivyo unapaka nyeupe kila mahali, unamwagia njano nyepesi iingie kwa mifereji, kisha unapitisha brashi kavu yenye chungwa na nyekundu juu ya matuta tu. Nyeusi inakuja mwisho, kidogo sana. Ukigeuza mpangilio utapata karoti.

Sasa nusu yetu. Kabla ya haya yote kufika, vijana wa Kikuyu walikuwa na ngao inaitwa ndome. Ngao ya vita ilikuwa ya ngozi. Ndome ilikuwa ya mbao, nyepesi, na kazi yake ilikuwa ngoma. Kijana aliyekaribia kutahiriwa aliivaa juu ya mkono wa kushoto, mkono ukipita kwa tundu lililochongwa nyuma, akacheza na wenzake. Hakuna adui wa kweli aliyewahi kukingwa na ile kitu. Ilikuwa vita ya kuigiza, kama yangu ya mezani.

Lakini rangi zake hazikuwa za kuigiza. Mbele ilipakwa nyeupe, nyekundu na nyeusi, mistari ya zigizaga na maumbo makali, na mchoro ulionyesha kijana ni wa rika gani na anatoka upande gani. Ile nyeupe ilitoka kwa udongo unaoitwa ira. Na hapa ndipo mimi huchizi kabisa: ngao yenyewe ilirithiwa. Kaka alimwachia mdogo wake, na mdogo hakuicheza na rangi za kaka. Ilipakwa upya, kwa mchoro wa rika lake. Mbao moja, marika mengi.

Halafu mambo yakabadilika haraka. Mwaka 1902 Waingereza walijenga ngome Nyeri, na mwaka huo huo wamishonari Wakatoliki wa Consolata wakafika Tuthu, Murang'a. Makanisa mengi yalizipinga ngoma za jando. Baadaye hali ya hatari ya 1952 ikazuia mikutano ya watu, na kuanzia 1954 familia zikahamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa uzio. Tohara ikaendelea, lakini ngoma na ngao zake zikaachwa njiani. Ndome nyingi leo ziko makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo.

Watu husema tudai zirudishwe. Mimi pia nataka zirudi. Lakini tuelewane: ndome iliyo nyuma ya kioo inaonyesha rika moja tu, lile la mwisho kuishika. Hata ikiletwa kesho hadi Nyeri, hakuna mtu atakayeruhusiwa kuigusa na brashi, na hiyo ni sawa, ni kitu cha zamani. Ila desturi yenyewe haikuwa ile mbao. Desturi ilikuwa kupaka upya. Hiyo haiko London wala Berlin, na hatuhitaji barua ya serikali kuirudisha.

Ndio maana siku hizi askari wangu wanaopigana na joka hawabebi tena simba na misalaba ya Ulaya kwa ngao zao. Ngao ni ndogo kuliko ukucha, lakini zigizaga inatosha. Sinakili ndome ya mtu. Nachora ya rika langu: matatu, mlima, na laini za mvua ya Nyeri.

Kama guka wako bado yuko, muulize aliona nini akiwa mdogo. Halafu chukua brashi.